Maswali Hayamo Kwenye Mkataba

Pete ya mama ilianza kuwa nyeusi mwezi wa sita.

Ni pete ya fedha, nene, ya kizamani, aliyoachiwa na mama yake kule Mikindani. Ina nakshi za majani kuizunguka pande zote. Tangu nipate akili nimeiona ikiwa na weupe wa kitu kinachotunzwa. Asubuhi hiyo alikuwa kibarazani anachagua mchele, akanyoosha mkono juu ya ungo na kuniambia, "Hebu tazama hii." Nakshi zote zilikuwa zimejaa weusi kama masizi ya sufuria. Akaisugua kwa pindo la kanga, ikatoa rangi ya kahawia yenye ubuluu kwa mbali. Kesho yake ikarudi nyeusi kuliko jana.

Jirani yetu, mtu wa heri lakini mdomo wake hauna kitasa, akasema fedha ikibadilika rangi mkononi mwa mtu, basi mwili una ugonjwa uliojificha. Mama hakumjibu. Ila alianza kulala mapema. Akaanza kuniuliza karatasi za shamba ziko wapi, na kama kaka yangu aliyeko Dar anajua ziko wapi. Wiki ya pili nikampeleka hospitali ya Ligula kupima. Presha, sukari, damu, kila kitu kilikuwa sawa na umri wake, na daktari akamtania kwamba atatuzika sisi. Akacheka. Njiani, kwenye bajaji, akaitazama tena ile pete.

Wiki tatu mama yangu aliishi akiamini anakufa.

Na wiki zote hizo sababu ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale anapokaa, nyuma ya mlango wa chuma, na ufunguo wa mlango huo sikuwa nao mimi. Nilikuwa nimeupangisha.

Banda lisiloona gari

Nasema banda la gari kwa sababu gereji kwetu ni kwa mafundi: pana oili chini, injini juu ya magogo na vijana wanaogombea spana. Hili la kwetu halijawahi kunusa oili. Baba alilijenga mwaka 2012, alipostaafu, kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Waliokuwa Mtwara mwaka ule hawahitaji kuelezwa. Gesi ilikuwa kwenye kila mdomo, nyumba za mtaa wetu wa Shangani zikawa zinatajiwa kodi kwa dola, na kila mzee mwenye ua mpana alipiga hesabu ya mzungu mmoja atakayekuja na gari lake na mkataba wa miaka miwili. Baba naye alipiga yake. Mzungu bila banda la gari hakai, alisema, utadhani amewahi kuishi na mmoja.

Basi likajengwa: mita tatu kwa sita, tofali za saruji, bati, mlango wa chuma wa pande mbili uliochomelewa na fundi wa Magomeni, sakafu laini kuliko ya sebule yetu. Mwaka 2013 ukaja na ghasia zake za kupinga bomba la gesi, mwaka 2015 bomba likawa tayari na gesi ikaanza safari ya Dar es Salaam, na wageni wengi wakaondoka na suruali zao zenye mifuko mingi. Gari halikuingia humo hata siku moja. Waliingia kuku, ukaingia mkaa, ikaingia baiskeli ya baba isiyo na mnyororo. Baba alipofariki, mwaka 2019, viti vya msiba vilihifadhiwa humo siku tatu. Hizo ndizo siku pekee nilizoliona banda lile limejaa.

Kwa hiyo alipokuja mtu mwezi wa tatu mwaka jana akauliza kama lile banda lina kazi, nilijibu haraka kuliko inavyompasa mtu mwenye heshima zake.

"Mizigo"

Alikuwa mtu wa makamo, kofia ya kiua, maneno machache. Alimwamkia mama kwanza, akauliza hali, akasifu mwembe wetu, ndipo akaingia kwenye shughuli. Anahitaji stoo. Atalipa elfu tisini kwa mwezi, miezi sita mbele, taslimu. Kufuli atanunua yeye.

Shilingi 540,000 mkononi, mwezi wa tatu, kwa mwalimu wa shule ya msingi. Nadhani hapo wenzangu wa kada hii mmenielewa.

Mkataba tuliuandika kwenye karatasi ya kaunta buku, nakala mbili, kwa mkono wangu, tukaupeleka ofisi ya mtaa ukagongwa muhuri. Ninao hapa mbele yangu ninapoandika. Unasema mpangaji atatumia banda "kwa ajili ya kuhifadhi mizigo yake". Basi. Mizigo.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili darasa la sita. Mtoto akiniandikia kwenye insha kwamba mjomba alikuja na "vitu", ninazungushia neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: vitu gani? Nimeandika hivyo mara elfu. Na siku ile, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, niliandika "mizigo" na sikujiuliza lolote. Sikuhitaji kuambiwa nisiulize. Pesa zilikuwa mezani zimepangwa kwa kumikumi.

(Na ile asilimia 10 ya kodi ya zuio ambayo mpangaji mwenye biashara hutakiwa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA? Hakuitaja yeye, sikuitaja mimi. Tulikuwa watu wawili wenye adabu sana.)

Pesa ile ikawa mabati ya chumba cha mama, maana bahari ilishayala yale ya zamani mpaka ukilala unaona nyota. Ilipoisha, iliisha kabisa. Hili mlikumbuke, tutalirudia.

Kiberiti upele

Aliyegundua si mimi. Ni mama, na hakugundua kwa macho.

Kila asubuhi, baada ya swala, mama hufagia ua. Anaanzia mlangoni, anapita mbele ya banda, anamalizia kwenye mwembe. Kwa muda alikuwa anaona unga wa manjano umejipanga chini ya mlango wa banda, mstari mwembamba kama uliochorwa kwa chaki ya rangi. Alidhani ni maua ya mwembe. Akawa anaufagia, halafu anakwenda kukaa kibarazani na mchele wake, na pete yake, kwa mikono ileile.

Siku moja, mwishoni mwa mwezi wa sita, kulikuwa na manyunyu ya asubuhi na ule unga ukalowa. Akainama, akauchota kwa ncha ya kidole, akaunusa. Kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuisikia tangu niko mdogo na nimevunja kitu.

"Hiki si kiberiti upele hiki?"

Vijana wa leo huenda hawalijui jina hilo. Zamani mtoto akipata upele alipakwa unga huu wa manjano uliochanganywa na mafuta ya nazi, na akawa ananuka mpaka shuleni. Ndicho kiberiti chenyewe kwa asili. Neno tumelipata kwa Waarabu na maana yake ya asili ni huohuo unga, njiti na kisanduku chake vikaja kulivaa baadaye. Leo mkoani kwetu kila mtu anauita salfa, na kila mtu anaujua, kwa sababu bila salfa mikorosho inashikwa na ubwiri unga, maua yanakauka yakiwa bado machanga na mkulima anavuna majani. Kuanzia mwezi wa tano wakulima huamka alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, wakabeba mashine mgongoni na kupuliza lile wingu la manjano mti kwa mti.

Shambani salfa ni dawa. Sikuwahi kuiwaza ikiwa tani tano ukutani kwa mama yangu.

Maana ndivyo zilivyokuwa. Mpangaji alipofungua, baada ya simu zangu nne, nilihesabu kwa safu: mifuko 200, ya kilo 25 kila mmoja, imepangwa toka sakafuni hadi karibu na bati, mingine imepasuka pembeni. Hewa ya ndani ilikuwa inakwaruza koo. Kwenye ukuta, taa ya kibaraza imeunganishwa kutokea swichi ya banda, na wiki ile ilikuwa inawaka na kuzima, tukawa tunalaumu umeme. Nikaita fundi. Akafungua swichi, akanivutia ncha za waya nione. Shaba ilikuwa nyeusi tii, kama imechomwa.

"Mwalimu," akasema, "salfa inakula shaba, inakula fedha. Na hii hapa ikipata cheche..." Hakumalizia. Alinionyesha kwa kidole mwali mdogo wa buluu unavyopanda, kisha akajishika koo na kutoa ulimi.

Fedha. Nikageuka nikamtazama mama, na mama alikuwa ameshaivua pete, ameishika kwenye kiganja, anaitazama kama mtu aliyerudishiwa barua aliyoipoteza. Nilitarajia anigombeze. Alisema tu, "Kumbe siumwi."

Hilo ndilo lililonikera wiki zote zilizofuata. Kugombezwa ningekuzoea.

Hesabu za usiku

Mtu wa busara angesema toa mizigo yako leo, chukua kodi ya miezi iliyobaki. Miezi miwili na ushei iliyobaki ilikuwa imeshapigiliwa misumari juu ya kitanda cha mama.

Nikampigia kaka. Kaka yangu ni mtu wa mjini, kila jambo kwake lina jibu kabla hujamaliza kulieleza. "Wewe hela umeshakula, sasa unauliza nini? Mwambie aweke turubai." Nikamwambia mama aliamini anakufa. Akanyamaza kidogo. "Si hafi," akasema.

Tuliishia kwenye turubai, kwa kweli. Turubai, chaga za mbao chini ili mifuko isiguse sakafu, umeme wa banda ukakatwa, na vijana wawili wakaja kukusanya ule uliomwagika. Mpangaji alifanya yote bila ubishi, akaleta na kilo mbili za sukari kwa mama. Mifuko yenyewe ilikuwa inapungua kila wiki kwa kuwa msimu wa kupulizia ulikuwa umeshika kasi. Kufikia mwisho wa mwezi wa nane banda lilikuwa tupu.

Lakini kuna swali lilibaki, nami nililikwepa kwa ustadi mkubwa. Miaka hii salfa inagawiwa kwa ruzuku, kwa wakulima walioandikishwa, kupitia vyama vyao vya msingi vya ushirika. Mtu binafsi mwenye mifuko 200 kwenye banda la watu Shangani anaweza kuwa wakala halali kabisa mwenye karatasi zake zote. Anaweza pia asiwe. Ilikuwa ni kumuuliza tu: kaka, karatasi za mzigo huu ziko wapi? Sentensi moja. Kwa miezi miwili niliibeba mdomoni kama mbegu ya ukwaju, naihamisha shavu hili kwenda shavu lile, kisha nikaimeza.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wake huujui kwa sababu hauko begani mwako. Sikuwahi kuwasikia wahenga wakisema lolote kuhusu mzigo wa mwenzio ulioko chumbani mwako.

Mlio

Mwezi wa tisa alilipa mwezi mmoja, akasema tutazungumza mkataba mpya taratibu. Wiki ya pili, saa tano usiku, nikasikia kirikuu kinarudi kinyumenyume getini, taa zimezimwa.

Nilibaki kitandani nikisikiliza. Miguu ya watu watatu au wanne, pekupeku. Mlango wa chuma ukafunguliwa kwa upole wa mtu anayefunika mtoto. Kisha kitu kikatuliwa chini, na kikatoa mlio.

Ukizaliwa Mtwara mlio huo huhitaji kufundishwa. Gunia la mahindi likitua linatoa mguno. Gunia la mbaazi linachakarisha. Gunia la korosho ghafi linapotua linagonga, kavu, kama kokoto ndogo zinazogombania nafasi, halafu linaendelea kuongea kidogo ndani kwa ndani kabla ya kutulia. Nilihesabu mitulio 31. Kutoka chumba cha pili, kupitia ukutani, nikasikia mama anasema, si kwa sauti ya kuniita, ila ya mtu anayejizungumzia:

"Hizo si salfa."

Mnada wa kwanza ulikuwa bado haujaitishwa. Korosho halali wakati huo inakuwa iko kwa mkulima, au njiani kwenda chama cha msingi. Pale gunia linapimwa, korosho zinatazamwa kama ni za daraja la kwanza au la pili, mkulima anaandikiwa, kisha mzigo unakwenda ghala kuu na kupewa stakabadhi. Ndio mfumo tulio nao tangu msimu wa 2007/08. Kila kilo ina jina la mtu. Na hapa uani petu magunia 31 yalikuwa yanaingia gizani bila hata mtu mmoja kushika kalamu.

Tuna jina la biashara hiyo, na hakuna mtoto wa huku asiyelijua. Kangomba. Mnunuzi anamfuata mkulima kijijini wakati wa njaa yake, ada inadaiwa, mgonjwa yuko kitandani, anampa bei ya chini mkononi na kuondoka na korosho ambazo atakuja kuziuza kwa jina la mwingine.

Mwaka 2018, serikali iliposema itanunua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaanza kupita, baba alikuwa anakaa kibarazani palepale anapokaa mama sasa, akiyahesabu. Ulipokuja uhakiki akaniambia: "Mwaka huu kila mwenye korosho ataulizwa shamba lake liko wapi." Alilisema kwa namna ambayo sikuielewa vizuri, kama anayefurahi na kuogopa kwa pamoja.

Elfu sitini

Asubuhi nilimsubiri getini. Sikulala vizuri, na mtu asiyelala vizuri huwa jasiri kidogo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kaka, usiku umeleta nini?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitabasamu kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu. "Dada, mimi nimepanga banda. Maswali hayamo kwenye mkataba."

Nilirudia kuusoma mkataba wangu baadaye na alikuwa sahihi. Maswali hayamo. Nimeuandika mimi.

Nikamwambia siwezi kulala na mzigo nisioujua. Akafikiri, akaangalia chini, akachora mstari mchangani kwa ncha ya kandambili. Kisha akasema, "Basi tufanye laki na nusu. Mpaka mwezi wa kumi na mbili."

Kutoka 90,000 hadi 150,000. Banda halikuongezeka hata tofali moja. Bati lilelile, mlango uleule, mita zilezile tatu kwa sita. Kilichoongezeka ni nini, sasa? Nilisimama pale nikaona kabisa kile alichokuwa ananunua tangu mwezi wa tatu, ambacho mimi nilidhani ni nafasi. Nafasi zimejaa Mtwara. Mji huu una mabanda ya gari matupu tangu bomba liondoke na gesi. Yeye alikuwa anatafuta banda lenye mwalimu mbele yake, mwenye mama mzee anayeswali, ua unaofagiwa kila asubuhi, na mdomo uliofungwa. Kwa salfa mdomo wangu ulikuwa umo ndani ya bei. Kwa korosho ulitajiwa bei yake peke yake: shilingi 60,000 kwa mwezi.

Nikamwambia nitafikiri. Ndiyo, nilisema hivyo. Sitaki kuandika hapa kwamba nilimfukuza palepale.

Ada ya kidato cha tatu

Nilifikiri siku nne, na nieleze kwa nini zilikuwa nne.

Mwaka 2008 nilirudishwa nyumbani kufuata ada, mwezi wa tisa. Nilikuwa kidato cha tatu. Baba alikuwa na mshahara wake mdogo na shamba njia ya Nanguruwe, na ulikuwa msimu wa pili wa stakabadhi ghalani: unapeleka korosho, unapewa malipo ya kwanza, malipo ya pili unasubiri, na shule haisubiri. Usiku mmoja walikuja watu na baiskeli. Niliyasikia magunia yakitolewa chumba cha uani, manne. Asubuhi baba alinipa ada yote imekunjwa kwenye karatasi ya daftari, hakunitazama usoni, akasema niwahi basi.

Mlio ule niliujua usiku wa Shangani kwa sababu niliusikia usiku ule. Isipokuwa mwaka 2008 magunia yalikuwa yanatoka.

Kwa hiyo mimi ni nani wa kumnyooshea kidole mtu wa kangomba? Bila yule wa baiskeli pengine nisingekuwa mwalimu wa kumsumbua mtu kuhusu neno "mizigo". Niliyageuza hayo siku ya kwanza, ya pili. Nikamtafuta yule mnunuzi wa zamani moyoni nimpe shukrani, na nilichokikuta ni sura ya baba asiyenitazama. Alilipwa karibu nusu ya bei. Alilijua hilo na mnunuzi alilijua, na kati yao hakuna aliyeuliza kitu.

Siku ya tatu, darasani, nilikuwa naita mahudhurio. Watoto wawili hawakuwepo, ndugu, wa huko pembezoni. Mwenzao akasema wamekwenda shamba kuokota korosho na bibi yao. Sikuwa na haja ya kufikiri zaidi, ila nilifikiri siku moja nyingine, kwa ajili ya zile elfu sitini. Laki na nusu mara nne ni laki sita. Mlango wa choo chetu ni pazia.

Siku ya nne nilimpigia simu. Nikasema atoe mzigo mpaka mwisho wa mwezi, kodi ya mwezi huo nitamrudishia nusu. Akasema, "Sawa, mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwalimu. Akautoa kwa usiku miwili, na nusu ya kodi hakuja kuichukua. Ofisini sikwenda, polisi sikwenda. Mnaotaka kunilaumu kwa hilo mna haki, na mama yangu ndiye wa kwanza kwenye foleni yenu. Yeye alitaka niende. "Umenyamaza mara ya tatu," aliniambia, na nilipohesabu, kweli zilikuwa tatu.

Orodha

Sasa banda lina mpangaji mwingine. Ni muuguzi aliyehamishiwa Newala, hajapata nyumba ya kueleweka huko, hataki vyombo vyake vivunjike njiani mara mbili. Analipa elfu thelathini kwa mwezi, mwezi kwa mwezi. Kaka alipoisikia bei hiyo alicheka mpaka akakohoa.

Safari hii nilijifanya mkali. Nikamwambia lazima tuandike kila kitu, na nakala moja ya ufunguo nibaki nayo. Alikubali bila neno, akaketi kwenye kindoo kilichopinduliwa, nami nikaandika kwa namba kadiri vijana walivyokuwa wanaingiza. Godoro moja, tano kwa sita, lina alama ya chai. Friji, mlango wake unafungwa kwa kamba. Meza ya kioo, kioo kimefungwa blanketi. Jiko la gesi la plati mbili. Masufuria, seti, moja halina mfuniko. Cherehani ya kukanyaga, mkanda umekatika. Mto wa kuegemea wenye maandishi ya Eid Mubarak. Ndoo mbili. Ndoo nyingine ya tatu, imepasuka, akasema iandike tu, anaipenda.

Nilifurahia kazi hiyo kuliko nilivyotegemea. Kila mstari nilioandika ulikuwa kama kalamu nyekundu niliyopaswa kuitumia mwezi wa tatu. Kitu gani? Kiko vipi? Mama naye alikuwa kibarazani anafuatilia, anasema "na pasi je?" na kweli pasi ilikuwa imesahauliwa.

Namba 19 ilikuwa begi. La buluu, la zipu, si kubwa. Zipu zake mbili zimeunganishwa kwa kikufuli kidogo cha shaba.

"Ndani?" nikauliza, kalamu hewani.

Yule dada hakujibu mara moja. Alilichukua begi kutoka kwa kijana, akaliweka mapajani, akalipangusa juu kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi.

"Hilo naomba liandikwe begi tu, mwalimu."

Vijana walisimama wakisubiri. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anaizungusha pete kidoleni. Ameisugua kwa majivu na ndimu mara nyingi, juu imerudi nyeupe lakini ndani ya nakshi weusi haujatoka. Akanyanyuka, akaingia bandani, akapitisha kidole kwenye ufa wa sakafu, akatuonyesha. Bado manjano.

"Lisikae chini," akasema. "Liwekeni juu ya meza."

Nikaandika: 19. Begi la buluu. Tukaendelea na namba 20, ambayo ilikuwa feni.

Kodi ni elfu thelathini ileile.